Kuifungua Shingo: Somo juu ya Watumwa wa Deni katika Machimbo ya Mawe

Baadhi ya ndugu walioingia karibuni katika Islam, na wengine ambao wangali wanauchunguza, huuliza swali hili: Ikiwa utumwa umekwisha kupigwa marufuku ulimwenguni kote, aya nyingi za Kurani Tukufu zinazohimiza kuwaacha huru watumwa zina kazi gani leo? Je, hazikubaki kuwa historia tu?

Swali hili ni zuri, na anayeliuliza asionewe vibaya. Jibu lake linaanzia katika neno lenyewe. Mahali pengi ambapo wafasiri huandika "mtumwa", Mwenyezi Mungu ametumia neno raqaba, na wingi wake riqab, maana yake shingo. Kinachofungwa shingoni chaweza kuwa kamba, chaweza kuwa chuma, na chaweza kuwa karatasi yenye alama ya dole gumba. Kamba na chuma vimepungua sana duniani. Karatasi ingalipo, na mamilioni ya wanadamu wamefungwa kwayo hadi leo.

(Msomaji anayetaka kufungua Kurani Tukufu akumbuke kwamba sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Katika misahafu inayohesabu vingine namba ya aya itapungua kwa moja, isipokuwa katika Sura Tauba ambayo haina Bismillahi.)

Namna deni linavyofunga

Tuchukue mfano wa machimbo ya mawe ya India, kwa kuwa huko jambo hili lilifikishwa mbele ya mahakama na habari zake zinajulikana wazi.

Mtu maskini asiye na shamba hupatwa na haja: mtoto ni mgonjwa, binti anaozwa, au mvua haikunyesha. Humjia dalali wa machimbo na kumpa fedha taslimu. Katika lugha ya Kiurdu fedha hiyo huitwa peshgi, yaani kitu kinachotangulizwa. Basi mtu huyo humchukua mkewe na watoto wake akaenda machimboni. Huko halipwi kwa siku, bali kwa kadiri ya mawe aliyoyavunja na kuyajaza katika lori. Katika malipo hayo hukatwa gharama ya baruti, gharama ya kunoa vyuma, na gharama ya unga alioukopa katika duka la mwenye machimbo, kwa bei aipendayo mwenye duka. Mwisho wa mwezi daftari husema kwamba deni halikupungua, na pengine limeongezeka. Yeye hajui kusoma. Akiugua, deni hukua. Akifa kwa maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la mawe, deni humrithi mwanawe. Nimeandika hivyo kwa makusudi, kwamba deni humrithi mwana, kwa kuwa katika hali ile deni ndilo lenye nguvu, na mtoto ndiye mali.

Lakini tusichanganye mambo. Kudaiwa peke yake si utumwa. Watu wengi waungwana hudaiwa. Utumwa ni pale ambapo deni humnyima mtu haki ya kuondoka na kutafuta kazi kwingine, na thamani ya jasho lake haihesabiwi kwa haki katika kulipunguza deni lile. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1956 yaliitaja hali hiyo waziwazi kuwa miongoni mwa desturi zinazofanana na utumwa. India nayo ikaipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1976, ambayo ilifuta madeni yote ya namna hiyo, ikamwekea mkosaji adhabu ya kifungo hadi miaka mitatu pamoja na faini, na ikaamuru ziundwe kamati za uangalizi katika kila wilaya. Tena sheria ile iliuweka mzigo wa ushahidi juu ya mkopeshaji: yeye ndiye atakayethibitisha kwamba deni si la utumwa.

Sheria nzuri kabisa. Tuone ilivyofanya kazi.

Waliofunguliwa wakakutwa na njaa

Mwaka 1982 chama kiitwacho Bandhua Mukti Morcha, kilichokuwa chini ya uongozi wa Swami Agnivesh, kilimwandikia barua Jaji P. N. Bhagwati wa Mahakama ya Juu ya India kuhusu hali ya vibarua wa machimbo ya mawe ya wilaya ya Faridabad, karibu na Delhi. Mahakama iliipokea barua ile kama shauri kamili, ikatuma wachunguzi, na tarehe 16 Desemba 1983 ikatoa hukumu ambayo wanasheria huitaja hadi leo. Iliamuru vibarua watambuliwe na kufunguliwa, wapatiwe maji safi ya kunywa, vumbi la mashine za kusaga mawe lizuiliwe, na mengine mengi.

Ila kisa ninachotaka msomaji akizingatie zaidi si hicho, bali kile cha wenzao waliotangulia. Vibarua wapatao 135, wenyeji wa wilaya ya Bilaspur iliyoko mbali sana na Faridabad, walikuwa wamekwisha kufunguliwa kwa amri ya mahakama ile ile, wakarudishwa vijijini kwao mwezi Machi 1982. Waliahidiwa kwamba serikali ya jimbo lao ingewasaidia kuanza maisha mapya. Miezi sita baadaye mwandishi wa habari, Neeraja Chaudhary, alivitembelea vijiji vitatu vya watu hao. Aliwakuta karibu wanakufa kwa njaa. Msaada ulioahidiwa haukuwafikia.

Watu hao walikuwa huru. Hakuna aliyewadai hata rupia moja. Hata hivyo hawakuwa na ardhi, wala kazi, wala akiba, na dalali alikuwa anaijua njia ya kijijini kwao. Bibi huyo naye akaiandikia mahakama barua, na mwaka 1984 majaji wakaamua kwamba kumtambua mtumwa wa deni na kumfungua hakutoshi: ni wajibu pia kumwezesha kuishi, la sivyo umaskini utamrudisha mikononi mwa yule yule aliyemfunga.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuvuka bahari kupata ushahidi wa jambo hilo. Mwezi Aprili 1897 Zanzibar ilitolewa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Mtumwa aliyetaka uhuru wake aliweza kwenda mahakamani kuudai. Lakini mashamba ya mikarafuu yalibaki kuwa mali ya mabwana, na wengi wa mahuru wakabaki katika mashamba yale yale, wakikaa kwa ridhaa ya mwenye shamba na kumfanyia kazi. Jina lilibadilika siku moja. Maisha hayakubadilika haraka hivyo.

Mkataba, jasho na mali ya Mwenyezi Mungu

Sasa tuirudie Kurani Tukufu, na hapo muulizaji wetu ataona kwamba aya zile hazikuchakaa.

Katika Sura Nur, aya ya 34, Mwenyezi Mungu anaagiza kwamba mtumwa akitaka kuandikiana na bwana wake ili ajikomboe kwa kulipa kidogo kidogo, basi bwana amwandikie, kama anaona heri ndani yake, na kwamba wapewe katika mali ya Mwenyezi Mungu aliyowapa waaminio. Jambo hilo huitwa mukataba, na neno letu la Kiswahili "mkataba" limetoka katika shina hilo hilo la Kiarabu. Hivyo kila Mswahili anayetia sahihi mkataba wa nyumba analitamka neno ambalo zamani lilikuwa mlango wa uhuru wa mtumwa.

Tazama yaliyomo katika aya hiyo moja. Yapo maandishi, ili pasiwe na kukanusha. Ipo heri, ambayo wafasiri wengi wamesema maana yake ni uaminifu na uwezo wa kujipatia riziki, yaani asitupwe njiani kuombaomba. Tena ipo mali, ambayo jamii inatakiwa kuitoa, nayo imeitwa mali ya Mwenyezi Mungu ili mtoaji asijione mfadhili. Wale wa Bilaspur walipewa la kwanza tu. Hadhrat Mirza Bashir Ahmad r.a., katika kitabu chake cha maisha ya Mtume Mtukufu s.a.w., ameeleza kwa urefu kwamba hii ndiyo hekima ya njia ya Islam katika kuuondoa utumwa: kumfungua mtu kwa namna ambayo atasimama kwa miguu yake.

Wala bwana hakuachiwa kuamua kwa matakwa yake. Imepokewa katika Bukhari kwamba Sirin, aliyekuwa mtumwa mwenye mali wa Anas bin Malik r.a., aliomba mkataba wa kujikomboa naye Anas akakataa. Sirin akashitaki kwa Hadhrat Umar r.a. Hadhrat Umar alimwamuru Anas aandike. Alipoendelea kukataa alimpiga kwa kiboko huku akiisoma aya hiyo, na mkataba ukaandikwa. Anas alikuwa sahaba mkubwa aliyemhudumia Mtume s.a.w. kwa miaka mingi. Heshima hiyo haikumkinga mbele ya haki ya mtumwa wake.

Namna jamii inavyotoa mali yake twaiona katika kisa cha Salman Mfarsi r.a. Bwana wake alimwandikia ajikomboe kwa kupanda mitende 300 na kulipa wakia 40 za dhahabu. Utumwa ule ulikuwa umemzuia asihudhurie Badri wala Uhudi. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwataka masahaba wamsaidie ndugu yao, nao wakaleta miche, huyu 30, huyu 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kadiri ya uwezo wake, hadi ikatimia. Salman akaambiwa achimbe mashimo, kisha Mtume s.a.w. akaja mwenyewe akaipanda kwa mkono wake mbarikiwa. Baadaye ilipopatikana dhahabu alimpa akalipe. Salman alichimba, jirani walichangia, na kiongozi wa umma aliinama akatia mikono yake katika udongo.

Tena katika Sura Tauba, aya ya 60, yametajwa mafungu manane ya wanaostahili Zaka. Humo "shingo" na "wenye deni" wamewekwa bega kwa bega. Mvunja mawe wa Faridabad amesimama katika mafungu yote mawili kwa wakati mmoja. Na katika Sura Balad, aya ya 12 hadi ya 17, kuifungua shingo kumefananishwa na kupanda mlima mkali. Mara baada yake kumetajwa kulisha siku ya njaa, na akatajwa maskini aliyelala mavumbini. Sijui kama yupo mwanadamu aliyefafanuliwa na maneno hayo kuliko mtu wa machimboni.

Nani ashike kalamu?

Ipo aya nyingine ambayo watu wengi huipita upesi kwa kuidhania kuwa ni ya wafanya biashara tu. Ni aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, Sura Baqara aya ya 283, inayoagiza kwamba deni la muda liandikwe. Inasema mwandishi aandike kwa uadilifu, lakini anayetamka maneno ya kuandikwa ni nani? Si mkopeshaji. Ni yule anayedaiwa. Na kama anayedaiwa ni mnyonge au hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa haki, na mashahidi wawepo.

Machimboni amri hii imepinduliwa kabisa. Mkopeshaji hutamka, karani wa mkopeshaji huandika, daftari hukaa katika sanduku la mkopeshaji, na mdaiwa huitwa kuja kubandika dole gumba juu ya asichokijua. Nathubutu kusema kwamba aya hii moja ingefuatwa, nusu ya utumwa wa deni ingekufa yenyewe, kwa kuwa utumwa huo hauishi ila katika giza la daftari. Nusu ya pili ingeuawa na makatazo ya riba, na amri iliyomo katika aya ya 281 ya sura hiyo hiyo, kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

Je, bwana alipwe?

Hapa yafaa nionye jambo. Msomaji mwenye moyo mwema aweza kusema: Basi tukusanye Zaka, tumlipe mwenye machimbo deni lake, na watu waondoke. Sivyo. Katika mkataba wa zamani bwana alikuwa na milki iliyotambuliwa na sheria za zama zile. Mvunja mawe wa leo ni mtu huru aliyefungwa kwa hila. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akamaliza kazi yake asimlipe ujira. Mwenye machimbo ameyakusanya yote mawili. Kumlipa ni kumpa mtaji wa kutafuta wengine, na sheria ya India yenyewe imekwisha kulifuta deni hilo. Fedha ya msaada impate aliyefungwa, baada ya kufunguliwa: impatie chakula cha msimu wa kwanza, ada ya shule, mbuzi, nyundo iliyo yake mwenyewe.

Mfano wa kutazamwa, pamoja na uchungu wake, ni ule wa Shankargarh katika wilaya ya Allahabad, ambayo tangu 2018 huitwa Prayagraj. Watu wa kabila la Kol walivunja mawe na kuchimba mchanga huko kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya madeni. Chama kiitwacho Sankalp kiliwasaidia kuunda vikundi vidogo vya kuweka akiba, rupia chache chache, ili mmoja akiuguliwa akope kwa mwenzake asiende kwa mkandarasi. Ukumbuke kwamba ugonjwa wa mtoto ndio mlango ambao dalali huingilia. Mwaka 2000 palizuka mapambano katika kijiji cha Sonbarsa. Mkandarasi mmoja aliuawa, na makazi ya wafanyakazi yakateketezwa kwa moto. Sisi hatuwezi kuisifu damu hiyo, na ni wajibu kuitaja kwa kuwa wasimulizi wengine huiruka. Waliohama hapo walianzisha makazi waliyoyaita Azad Nagar, yaani Mji wa Huru, na wakapata leseni ya kuchimba kwa jina lao wenyewe. Jiwe lilikuwa lile lile, jua lile lile, na vumbi lile lile linaloharibu mapafu. Ila sasa anayeuza ndiye aliyevunja.

Pamoja na leseni na akiba, yapo maandishi. Chini ya mpango wa serikali ya India uliorekebishwa mwaka 2016, aliyefunguliwa anastahili msaada wa rupia 100,000 akiwa mwanamume mtu mzima, 200,000 akiwa mwanamke au mtoto, na 300,000 kwa walioteswa kwa namna kali zaidi. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo imefungamanishwa na kuhukumiwa kwa mkosaji, na mashauri huchukua miaka. Kwa sababu hiyo wanaowasaidia vibarua husisitiza kwamba asiondoke mtu machimboni bila hati ya kuachiliwa iliyotolewa na ofisa wa wilaya. Asiye na hati hiyo huonekana kesho kuwa ni mtoro aliyekimbia deni.

Uhuru uliokamilika hufananaje? Nitamtaja Barira r.a. Alikuwa amepewa mkataba wa wakia tisa, wakia moja kila mwaka, akaenda kwa Hadhrat Aisha r.a. kuomba msaada. Hadhrat Aisha alizilipa zote mara moja. Waliokuwa mabwana zake walitaka wabaki na haki ya ujamaa juu yake hata baada ya kupokea fedha, Mtume s.a.w. akalikataa sharti lao hadharani msikitini. Kisha Barira, kwa kuwa sasa ni huru, akachagua kuachana na mumewe Mughith, aliyekuwa bado mtumwa. Mughith alimfuata njiani akilia hadi machozi yakatiririka ndevuni. Mtume s.a.w. alimwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba ni maombezi tu. Akasema basi hana haja naye, na neno lake likaheshimiwa. Mwanamke ambaye jana alinunuliwa na kuuzwa, leo amemjibu hivyo mbora wa viumbe, na hakuna aliyemkemea.

Katika nchi zetu

Katika migodi midogo ya Tanzania, kama Mirerani, mchimbaji mara nyingi halipwi mshahara. Hulishwa na mwenye mgodi na kungoja fungu lake jiwe litakapopatikana. Hilo peke yake si utumwa, maana anaweza kuondoka. Katika machimbo ya Kivu, mashariki mwa Kongo, wako wanaoingia shimoni wakiwa tayari wanadaiwa chakula na vifaa, na huko mpaka kati ya ushirika na kifungo huwa mwembamba sana. Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliweka katika sharti la tisa la baiati kwamba mwenye kuingia atajitoa kuwahudumia viumbe wote wa Mwenyezi Mungu. Hakusema Waislamu tu, wala aya ya shingo haikuuliza shingo hiyo ni ya dini gani.

Basi ndugu yetu mwenye mgodi, au duka la mgodini, au hata karakana ya matofali mjini, asisubiri habari za India. Ampe mfanya kazi wake nakala ya hesabu. Unga auuze kwa bei ya sokoni. Ujira asiuzuie kwa kisingizio cha deni, bali wakubaliane kiasi kidogo cha kukata ambacho kitamwachia mtu chakula cha watoto. Aliyekufa, deni lake lisihamishiwe kwa mwanawe machimboni. Na kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti, kwa lugha anayoijua mdaiwa, mbele ya mashahidi wawili, naye aulizwe kwanza kama hesabu ndivyo anavyoikumbuka.